Chokaa ya Mkono wa Albertine

Mvua zikishakoma mjini Élisabethville, Liévin hakuwa na haraka na nyumba yake. Aliziacha kuta zikauke mpaka baridi ya Juni, vumbi jekundu likiwa limeshaanza kutua juu ya kila kitu. Hapo ndipo alipokwangua chokaa iliyobambuka, akachimba nyufa na kuzijaza udongo wa kichuguu uliokandwa na mchanga, akasubiri tena, kisha akapaka chokaa mpya aliyoitia chumvi kidogo isije ikachafua nguo za watu. Chini kabisa, pale maji ya mvua yanaporukia ukuta, alizungusha mkanda wa lami. Nyumba nyingi za mtaa wa Kamalondo zilikuwa za matofali mabichi kama yake, lakini yake ulianza kuiona ukiwa bado kwenye kona ya barabara. Alikuwa fundi wa kupaka rangi. Mchana kutwa alipaka nyumba za Wazungu zilizokuwa zikijengwa mtaa wa Bel-Air, na hakutaka mtu apite mlangoni pake aseme fundi analala kwenye kibanda.

Mwaka ule alimaliza ukuta wa mbele siku ya Jumamosi. Alishuka kwenye ngazi, akasuuza brosi, akamwita mkewe.

“Mama Jeanne! Kuya uangalie. Iko muzuri, ao haiko muzuri?”

Albertine alitoka jikoni akifuta mikono. Chini ya ukingo wa bati palikuwa na sehemu pana kama sinia ambayo chokaa haikuigusa kabisa. Karibu na dirisha palikuwa na nyingine. Alidhani mumewe anamtania, akamtazama usoni. Liévin alikuwa amesimama akitabasamu, kichwa kimeinama upande kidogo, akiusubiri uzuri wa ukuta wake usifiwe.

“Iko muzuri,” alisema Albertine.

Jumapili mumewe alipokwenda kuwasalimu watu baada ya misa, yeye alirudi nyumbani upesi, akavua kitenge kizuri, akapanda ngazi. Brosi haikumtii, akaiweka chini. Kwao kaskazini, wanawake ndio waliosiriba nyumba, na mama yake alikuwa amemfundisha kazi hiyo kwa kiganja. Alichovya kitambaa kwenye ndoo ya chokaa, akasugua ukuta mpaka mabaka yote yakafunikwa. Chokaa ilimla ngozi ya vidole. Akainyamazia.

Tangu siku hiyo alianza kumwangalia mumewe kwa jicho jingine. Aliona jinsi anavyokipapasa kikombe cha chai kabla ya kukishika. Aliona kwamba hasalimii mtu njiani mpaka asalimiwe yeye kwanza, ajue sauti. Jeanne, binti yao wa pekee, akiacha kigoda katikati ya chumba, baba yake alikipiga teke kisha akalaumu vumbi. Kila Liévin alipomaliza upande mmoja wa nyumba, Albertine alisubiri aondoke, akapita nyuma yake na kitambaa. Hakumuuliza. Aliogopa kwamba jambo hilo likishatajwa ndani ya nyumba, halitatoka tena. Siku zile mtu akipoteza kazi aliweza kunyimwa ruhusa ya kukaa mjini, akafungiwa virago na kurudishwa kijijini na watoto wake. Nani angemweka kazini fundi wa rangi asiyeona?

Jirani yao Mujinga, jina la kawaida kwao Kasai, mama aliyeuza samaki wa kukausha, alimkuta siku moja juu ya ngazi.

“Weye sasa njo fundi, Mama Jeanne?”

“Ninamusaidia tu. Anachoka.”

Mujinga alimtazama, akautazama ukuta, akajitwika beseni lake. “Siku ukitaka kuongea, miye niko hapa,” alisema, akaenda zake.

Kiangazi kilipita hivyo. Septemba ikaja na joto lake na moshi wa majani yanayoungua nje ya mji, halafu mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Naviundu kila alasiri. Mvua za kwanza zilikuwa za kuonja. Za Novemba zilipiga kwelikweli.

Albertine alikuwa akipepeta unga barazani aliposikia kishindo kutoka nyuma ya nyumba, kama gunia zito lililotupwa chini. Halafu kimya, na mvua juu ya bati. Akaita, “Jeanne!” Kitanda cha Jeanne kilikuwa ukutani, nyuma. Alikimbia, akajigonga bega mlangoni, akasukuma pazia la chumba.

Ukuta haukuwapo. Pale ulipokuwa, palionekana mgomba wa jirani ukichapwa na mvua. Matofali yalikuwa yameangukia nje, yote, na kitanda kilikuwa kimekaa mahali pake, shuka limelowa. Jeanne alikuwa amesimama katikati ya chumba, sindano na uzi mkononi, mdomo wazi.

“Mama, siye miye!” alisema mtoto. “Sikuugusa!”

Albertine akamkumbatia, akamshika kichwa, mikono, mgongo, akamshika tena kichwa. Akacheka na kulia kwa pamoja. Hakukuwa na hata mkwaruzo.

Liévin alirudi kutoka kazini amelowa chapachapa. Alipoambiwa, alimtafuta kwanza Jeanne, akamkalisha magotini pake kwa muda mrefu ingawa alikuwa msichana mkubwa sasa. Mvua ilipopungua akaenda nyuma ya nyumba. Albertine alimfuata. Alimwona akichuchumaa kwenye kifusi, akaokota kipande cha tofali, akakigeuza upande wenye chokaa, akapitisha kidole gumba juu yake. Akaokota kingine. Akafanya vivyo hivyo.

“Hii haikupakwa na brosi,” alisema taratibu. “Hii iko mukono. Na hapa kulikuwa ufa. Muntu aliufunika na chokaa, hakuuchimba.” Akainua uso. “Ni weye?”

“Eyo. Ni miye.”

“Tangu lini?”

“Tangu ukuta wa mbele. Kulikuwa mabaka, Baba Jeanne. Sikutaka bantu bayaone.” “Ule ufa niliuona. Nikawaza chokaa itatosha. Ningeua mutoto.”

Liévin alikaa chini palepale kwenye tope. Albertine alijiandaa kwa hasira. Haikuja.

“Ni miye nilipashwa kuuona,” alisema mwishowe. “Ni kazi yangu. Lakini kuko kama moshi, Mama Jeanne. Asubui moshi, mangaribi moshi. Kule Bel-Air mwenzangu Anaclet ananipa kuta za ndani, zenye muntu haangalii sana. Anarudilia nyuma yangu, sawa weye. Ninajua. Ninajifanya sijui.”

Akafunika uso kwa viganja vyake vyenye chokaa. Albertine akakaa naye kwenye tope, na ajabu ni kwamba kifua chake kilikuwa chepesi kuliko miezi yote iliyopita. Jambo lilikuwa limetajwa, na nyumba ilikuwa bado imesimama kwa pande tatu.

Jioni ileile alikwenda kwa Mujinga, akamweleza yote. Mume wa Mujinga, Casimir, alikuwa muuguzi. Alikuja na taa yake, akamkalisha Liévin kwenye kiti, akammulika jicho moja, akammulika la pili, akaguna.

“Si chokaa,” alisema. “Si ulozi, si kazi ya bantu. Ni mutoto wa jicho. Ulikaa mwaka muzima na hii, Baba Jeanne? Ile banaondoa.”

“Banaondoa jicho?”

“Mutoto! Jicho linabaki.”

Mujinga ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, hata Liévin, ingawa mikono yake ilikuwa imeshika magoti kwa nguvu. Anaclet naye alibakiwa na jambo moja tu: kumwambia msimamizi kwamba mwenzake anaumwa na atarudi. Alilisema, na msimamizi, aliyezijua kuta za Liévin tangu zamani, akasema atamngojea.

Hospitalini walimpasua jicho la kulia. Alilazwa chali, kichwa kimebanwa kwa mifuko ya mchanga, macho yote mawili yamefungwa, akakatazwa hata kukohoa. Albertine alikaa kando ya kitanda akimlisha uji kwa kijiko na kumsimulia ya mtaani: Casimir na vijana wa kanisa wamefyatua matofali chini ya kibanda cha bati ili mvua isiyaharibu, ukuta mpya umefika kiunoni, Jeanne analala kwa Mujinga na hataki kurudi kwa sababu huko anakula samaki kila siku. Liévin alisikiliza. Kila mara aliuliza swali moja tu kuhusu ukuta, na kila mara lilikuwa swali la maana.

Siku ya kufunguliwa, daktari alitoa bandeji, akamwekea mbele ya jicho kioo kinene. Liévin alipepesa. Chozi likateremka. Albertine alisimama mguuni mwa kitanda, asithubutu kuuliza.

“Kitenge chako kiko na ndege,” alisema Liévin. “Ndege ya kijani. Siku zote nilizani ni majani.”

Albertine akausogeza ukingo wa kitenge karibu na jicho lake.

Alirudi Bel-Air miwani ikiwa imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Msimu wa baridi uliofuata wakampasua jicho la pili, na alipopona alizikwangua kuta zote, akachimba kila ufa mpaka penye udongo mgumu. Safari hii Albertine alikuwa pembeni yake, kila mtu na ndoo yake. Liévin alimfundisha kushika brosi, wakagombana kuhusu chumvi, na watu waliopita waliwaona na hakuna aliyeficha kitu.

Mvua za Novemba ziliporudi, ziliwakuta mezani, ugali wa bukari bado wa moto na sombe ya majani ya muhogo katikati. Maji yalipiga bati mpaka wakawa hawasikilizani vizuri. Jeanne aligeuza macho kuelekea ukuta wa nyuma, akamtazama mama yake.

Albertine alimega tonge, akalichovya kwenye sombe. “Kula, mwanangu,” alisema. “Inapoa.”