Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na kama hamkujua, mtajua tu, maana atawaambia mwenyewe. Kwenye ukuta wa darasa lake kumeandikwa kwa rangi nyekundu, mwaka wa ishirini sasa: 30,031 NI NAMBA TASA. Yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ushahidi anao mdomoni: zidisha namba tasa sita za mwanzo, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, utapata 30,030. Ongeza moja. Gawanya kwa yoyote kati ya hizo sita, itabaki moja. Basi, kesi imekwisha. Wageni wetu wote wameisikia hiyo kabla hata ya kupewa maji ya kunywa.

Juzi binti yetu, ambaye kwa bahati mbaya anafundishwa na baba yake, alijibu kwenye mtihani kwamba namba hiyo si tasa, akaandika na namba mbili zinazoigawanya. Mwalimu hakusoma mpaka mwisho. Alimchorea sifuri safi ya duara, na sifuri hiyo ikamtoa kwenye orodha ya watakaokwenda mashindano ya hesabu. Orodha ilikuwa iende kwa mkuu wa shule Jumatatu asubuhi. Siku mbili mtoto hakula vizuri, na mimi roho iliniuma. Nilipomgusia baba yake, aliniambia, "Wewe tunga shanga zako, mama. Hesabu zina wenyewe."

Haya. Kazi yangu kweli ni mapazia ya shanga. Jumapili mchana nikamwendea na daftari langu la oda, nimeinamisha kichwa kama mke mwema.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Nimepata oda ya pazia la ukumbi. Nyuzi mia tano na tisa, kila uzi shanga hamsini na tisa. Ninunue shanga ngapi?"

Kuuliza si ujinga. Alinicheka kwa huruma, akachukua kalamu, akazidisha. Akazidisha tena, safari hii akianzia upande wa pili, labda huko kungekuwa na nafuu.

"Hao wateja wako," akasema hatimaye, "waambie wapunguze uzi mmoja."

Nikamwekea karatasi ya binti juu ya daftari. 59 × 509, kwa mwandiko mzuri, chini ya ile sifuri.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka, na namheshimu kwa hilo, maana mimi nilikuwa nimeshindwa kujizuia. Aliuliza tu kwa upole, "Baba, kwani hukuwahi kujaribu kuigawanya?"

"Nilijaribu, kabla ya kupaka ule ukuta. Kumi na saba, kumi na tisa, namba tasa moja moja." Akaikata sifuri, akaandika jina la mwanawe juu kabisa ya orodha. Hakututazama. "Nilifika hamsini na tatu, nikachoka."

Namba tasa inayofuata hamsini na tatu ni hamsini na tisa. Hilo hata mtunga shanga analijua.