Kilo Mbili na Nusu

Silvana, mama yake Rozina, alikuwa mpishi wa shamba la ujamaa katika kijiji kimoja karibu na Chala. Aliporudi kutoka hospitali mjini Sumbawanga, alikolazwa wiki tano kwa moyo uliochoka kusukuma damu, Atuganile, nesi wa zahanati mpya, binti wa Tukuyu, alimketisha akamweleza taratibu.

“Mama Rozina, moyo ukizidiwa, maji hubaki mwilini. Huanzia miguuni, kisha hupanda kifuani ushindwe kulala chali. Meza vidonge hata siku unayojisikia mzima. Chumvi iache. Na ujipime kila asubuhi kabla ya kula. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, usingoje kuumwa. Njoo.”

Kijijini mizani ilikuwa moja tu, ya kupimia magunia ya ulezi. Kila asubuhi Wilibrodi, mtunza ghala, alimfungulia, akamsomea namba, maana Silvana hakujua kusoma. Hamsini na moja. Kesho yake, hamsini na moja. Jikoni alipika kama zamani, ila chumvi ya maharage waliionja wenzake.

Mwezi wa tatu tangu arudi, wifi yake alikuja na dagaa wa chumvi kutoka Kirando. Silvana alionja, akaongeza, na kesho yake akala tena. Siku ya tatu wanawake kisimani wakampokea kwa vigelegele: “Mwenzetu umenawiri!”

Ghalani Wilibrodi akasoma, “Hamsini na tatu na nusu. Hongera, shemeji!”

Silvana alitamani kufurahi. Mwaka mzima watu walikuwa wakiihurumia mifupa yake. Lakini aliinama, akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki: ni maji, si unene. Akaenda zahanati moja kwa moja.

“Siumwi popote, mwanangu. Labda nakusumbua bure.”

Atuganile alimsikiliza kifua, akauliza amekula nini. Silvana akakiri. Nesi hakumgombeza. Alimwongezea vidonge vya kutoa maji, kama daktari wa Sumbawanga alivyoelekeza kwenye cheti, akamtaka arudi kila siku. Siku ya tano mizani ikasoma hamsini na moja.

“Mungu akubariki, mwanangu,” Silvana alisema, machozi yakimlengalenga. “Mara ile nilibebwa kwa machela.”

“Safari hii umekuja kwa miguu yako, mama. Wewe ndiye uliyeona mapema.”

Silvana alipitia ghalani na kikapu cha viazi kwa Wilibrodi.

“Asante, shemeji. Ila nikiongezeka tena, usinipe hongera. Nifukuze niende zahanati!”

Wilibrodi alicheka hadi akaegemea magunia.