Redio Imezima

Mlinda wiketi akinyamaza, ujue ana lake. Kazi yetu katika kriketi ni kuchutama nyuma ya mpigaji na vijiti vyake vitatu, kudaka kila kinachompita, na kusema. Unampa moyo mrushaji wako, unamchokoza mpigaji mpaka ajione hajui kushika gongo. Miaka tisa katika timu ya taifa wameniita Redio, na betri hazikuwahi kuisha.

Siku ile ziliisha. Asubuhi, zamu yetu ya kupiga, mpira ulinibana kidole cha pete kwenye mpini wa gongo. Nilikisikia kikilia ka! Nikaendelea kupiga, nikaleta mikimbio, yaani pointi, arobaini na moja, kisha nikajifungia chooni na kukifunga plasta pamoja na jirani yake. Daktari wa timu aliponiuliza, nikamwambia nimechubuka tu.

Mshindi alikuwa anakwenda Kombe la Dunia, na mlinda wiketi wa akiba alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Usinihukumu haraka. Nampenda. Mimi ndiye niliyemfundisha, uani kwetu, kwa mpira wa tenisi na ndoo mahali pa vijiti. Lakini najua jinsi glavu zinavyohama. Miaka tisa nyuma mlinda wiketi alikuwa huyu huyu kocha wetu. Alivunjika kidole gumba, nikaingia mimi. "Naazima tu, dada," nilimwambia. "Kidole kikipona, nakurudishia." Hakucheza tena.

Basi walipoingia wao kupiga, nikachutama. Kila mpira ulioingia mkononi ulinitoa machozi, nikabana meno nisipige ukelele. Na aliyebana meno hasemi.

Zilipobaki ova mbili, yaani mipira kumi na miwili, mdogo wangu akaja mbio na chupa ya maji.

"Dada, nione mkono."

"Toa maji, nenda zako."

"Redio imezima. Nakusikiliza kutoka kule benchi, hujasema neno tangu tuanze. Kidole kimevunjika, sivyo?"

"Ole wako umwambie kocha."

"Simwambii mtu. Mkono ni wako." Akaichukua chupa. "Ila mechi ni yetu sote."

Akaondoka. Nilimkasirikia kweli kweli. Heri angekwenda kunisemea, nipate mtu wa kumlaumu.

Ikafika mipira minne ya mwisho. Wao walitaka mikimbio mitano; sisi tulitaka kumtoa mpigaji mmoja tu, wa mwisho. Mrushaji wetu hurusha taratibu, mpira unapinda, kwa hiyo nilikuwa nimesogea karibu kabisa na vijiti. Mpira ukagusa ukingo wa gongo, ukanijia mikononi polepole, mpira ambao hata bibi yangu angeudaka na kikombe cha chai mkononi. Nikiudaka kabla haujagusa chini, ametoka. Ukanigonga kidole kile. Glavu zikafunguka zenyewe. Mpira chini, wapigaji wao wawili wakakimbia mmoja, wakabadilishana nafasi.

"Vipi, Redio?" mrushaji aliuliza. Hakunitukana. Aliuliza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kidole.

Mikimbio minne, mipira mitatu. Nikamnyooshea mwamuzi mkono, nikamwonyesha kidole. Mwamuzi akakubali nibadilishwe.

Mdogo wangu alinivua glavu mwenyewe. Ile ya kushoto iligoma, akaivuta, nikalia kwa sauti mbele ya uwanja mzima.

"Sikiliza," nikamwambia. "Anayepiga sasa ni nahodha wao. Akitaka kutoka nje ya mstari wake, ambako ukivunja vijiti ametoka, kwanza ananyanyua kisigino. Kitazame. Na useme! Mlinda wiketi hanyamazi."

"Mimi sijui kusema, dada, unanijua."

"Basi nitasema mimi."

Nikakaa kando ya kocha. Alikitazama kidole changu. Mimi nikafungua mdomo. "Nahodha, umechoka, mama! Piga basi, watu wana njaa!" Nilipayuka mpaka koo likawasha, na jukwaa likaanza kucheka.

Mpira wa kwanza ukampita nahodha. Mdogo wangu akaudaka kimya, safi. Moyo ulikuwa unanipiga mpaka kidoleni.

Wa pili. Niliona kisigino kikinyanyuka. Nahodha akatoka hatua mbili, akapiga hewa, na kabla hajageuka mdogo wangu alikuwa ameudaka mpira na kuvipangua vijiti vyote vitatu. Mwamuzi akanyoosha kidole juu. Tunakwenda Kombe la Dunia!

Walimbeba. Nilifurahi na niliumia, vyote kwa pamoja. Walipomshusha, alinikimbilia na glavu zangu kifuani, akicheka na kulia.

"Nimeziazima tu, dada. Kidole kikipona, nakurudishia."

Kocha akageuza uso. Mdogo wangu alikuwa anasema kweli, nilimwona machoni. Hata mimi, siku ile, nilikuwa nasema kweli.