Bibi wa Kisimani

Bibi alisimama kando ya kisima, fimbo mkononi, kilemba cha kijani kichwani, na kwa wiki tatu nzima hakuna aliyemsalimia. Walimpita mbio, wengine karibu wamkumbe, naye hakununa wala hakuondoka. Nilikuwa namwona kila siku kupitia mlango uliokuwa wazi, mikono yangu imezama kwenye unga, na roho iliniuma kama vile ni jirani yetu wa kijijini, Heru Juu.

Hakuwa jirani. Alikuwa picha ndogo kama kidole gumba, ndani ya runinga ya Badru.

Badru alikuwa na banda la gemu Kasulu mjini, ubavuni mwa duka la dada yake Mwamvua. Mimi nilikaa barazani, katikati yao, nikimkaangia Mwamvua maandazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alinisimamisha nisome, sauti ikagoma, wenzangu wakacheka, na kesho yake miguu ikanipeleka shambani kwenye mihogo. Keshokutwa yake ikanipeleka tena, mpaka ikazoea. Hata pale barazani, mteja akiniuliza kama maandazi ni ya moto, niliitikia kwa kichwa tu.

Vijana wa banda walikuwa watu wa gemu za mpira. Lakini kwenye boksi la CD kuukuu alizonunua Badru ilitoka moja isiyo na picha juu yake, mchezo wa Wajapani wa miaka ya zamani, maneno yake ya Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na nchi nzima. Kijana anaondoka kijijini kwao na upanga mgongoni, anavuka vilima vya kijani kama vya njia ya Kibondo, analala nyumba za wageni, anapigana na madude yenye pembe, na mbali kabisa, nyuma ya milima, kuna joka linalomngoja. Mimi nilitekwa na muziki. Kila kijiji kilikuwa na wimbo wake, na nilikanda unga kwa kuufuata. Mwamvua alisema maandazi yangu yamelainika tangu Wajapani wahamie kwa kaka yake.

Kisha safari ikakwama. Juu ya kijiji cha yule bibi kulikuwa na mlango wa jiwe, na mlango ulikataa. Pasikali, dereva wa bodaboda na bingwa wa banda, aliupiga kwa upanga, akauchoma kwa moto, akaenda porini kuua madude mia ili apate nguvu, akarudi, akaupiga tena.

"Mlango hauna shingo, Pasi," Badru alimwambia. "Utaukata wapi?"

Siku ya Alhamisi, asubuhi, Badru akachoka. "Kesho nikitoka msikitini mlango bado umefungwa, nafuta hii safari yote kwenye memori kadi, naweka ligi. Watu wa mpira wamenisema vya kutosha."

Nilisikia kama naambiwa kijiji kinahamishwa. Hakuna aliyejua kwamba nakipenda. Ningemwambia nani, na kwa sauti ipi?

Mvua ikashuka ghafla. Nikabeba beseni langu nikajibanza ndani ya banda pamoja na madereva wenye makoti yanayochuruzika. Pasikali alijaribu mara ya mwisho, akaitupa pedi ya kuchezea juu ya benchi. "Mimi basi. Huu mchezo umelogwa."

Badru akaniona. "Theodosia, kila siku umesimama hapo kama nguzo. Njoo ushike na wewe, uwaage Wajapani."

Sijui ni nani aliyenikalisha. Nilifuta mafuta kwenye kanga, nikaishika pedi, bado ina joto la viganja vya watu. Nikamgeuza yule kijana, nikamshusha mlimani.

"Unaenda wapi? Mlango uko juu!" Pasikali akapayuka.

Nilienda kisimani. Nikamsimamisha mbele ya bibi, nikabonyeza. Halafu nikafanya jambo ambalo walilicheka mwezi mzima: niliweka pedi mapajani, nikainama, nikapiga viganja taratibu, nikasema, "Mwakeye."

Kwetu sisi Waha, mtu mzima hasalimiwi huku unapita. Unainama, unapiga viganja, unauliza amelalaje, unauliza watu wa nyumbani, unasubiri majibu yote. Mikono yangu ilifanya yenyewe.

Banda likalipuka. "Anaiamkia runinga!" Pasikali alijishika mbavu. Masikio yaliniwaka moto, nikawa nimesimama tena mbele ya darasa. Maneno yalitokea kwenye kioo, sikuyaelewa, yakapotea.

"Huyo tuliongea naye siku ya kwanza," Pasikali akasema. "Anasema maji ya kisima ni baridi. Basi."

"Mlimsalimia mara ngapi?"

Watu waligeuka. Wengine hawakuwahi kusikia sauti yangu.

"Mara moja. Kwani anatudai?"

"Mara moja siyo salamu," nikasema. Nikabonyeza tena. "Nyumbani hawajambo, bibi?"

Maneno yalikuwa mengine. Badru alisogea hadi pua ikakaribia kioo, akayasoma polepole. "Anasema... mguu unamuuma."

"Pole, bibi," nikamwambia, nikabonyeza mara ya tatu.

Muziki ukanyamaza. Bibi akajongea hatua moja, yeye aliyekuwa hajasogea kwa wiki tatu, na mikononi mwa yule kijana ikang'aa filimbi ya mfupa.

"Sevu!" Pasikali alipiga kelele. "Sevu kabla umeme haujakatika! Badru, mwonyeshe!"

Badru alinionyesha kitufe. Tulipopanda mlimani, watu kumi na wawili wakiwa wamebana pumzi nyuma yangu, filimbi ilipigwa mara moja tu na jiwe likajiweka pembeni. Upande wa pili nchi yote ilikuwa nyeupe.

"Theluji," akasema Badru.

"Unga wa ngano," nikasema.

Walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sauti, mpaka Mwamvua akatoka dukani kuja kutazama ni mgeni gani huyo.

Joka tuliliua baada ya miezi miwili. Badru aliwatafutia watu wa mpira kadi yao nyingine. Siku hizi mchana nakaa ndani ya banda, na wageni wakikwama nawauliza wamemsalimia nani. Majina ya dawa na mapanga ya mchezoni nimeyasoma mara nyingi hata siyaogopi tena. Lakini nikiikumbuka wiki ile, ninachokiona kwanza ni Ijumaa asubuhi, barabara bado ina matope.

Pasikali alisimamisha pikipiki mbele ya beseni langu. Miezi minne alikuwa akinirushia "mawili hayo" injini ikinguruma. Siku hiyo aliizima. Akavua kofia, akainama, akapiga viganja.

"Mwakeye, Theodosia."

Nikaitikia.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Akasubiri. Nilijua anasubiri nini, naye alijua ninajua, na alijitahidi sana asicheke.

"Na wewe mwenyewe, umelalaje?"

Ilikuwa salamu ya tatu. Nikainamia beseni, nikachagua andazi lililoumuka kuliko yote, nikampa.