Barua ya Saa Sita na Dakika Arobaini

Mwanamke nisiyemjua aligonga dirisha la ofisi kwa ufunguo wa gari. Mlango tulikuwa tumeufunga tangu Machi, korona ilipoingia, na karatasi niliyoibandika mwenyewe ilisema wageni hawaingii. Alikuwa mzee, amevaa barakoa ya kitambaa cha maua, na kila baada ya maneno machache alinyamaza kuvuta pumzi.

"Binti, wewe ndiye unayesoma barua?"

"Ndiyo, mama. Lakini zilitakiwa kufika kabla ya saa sita."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika arobaini.

"Nimetoka Barabara ya Ziwa. Jirani kaniambia leo asubuhi. Barua pepe sina, kalamu ninayo." Akasukuma bahasha kwenye tundu la barua mlangoni. "Isome ilivyo, usinipambie. Na jina langu ulitaje. Lempi Kangas."

"Nitaisoma," nikasema. "Nakuahidi."

Hakuna aliyenilazimisha kuahidi.

Nilikuwa nimemaliza chuo Mei ile, katika mahafali ya kwenye kompyuta, kofia kichwani na suruali ya kulalia chini ya meza. Nikarudi kwetu Harju, mji wa viwanda vya mbao kaskazini mwa Michigan, nikapata kazi ya muda katika ofisi ya shule za wilaya. Wazazi hawakuruhusiwa kujaa ukumbini, kwa hiyo waliandika, nami nikawasomea wajumbe wa bodi mbele ya kamera. Kila barua ilipewa dakika tatu, zikihesabiwa na saa ya jikoni yenye umbo la kuku. Niliipenda kazi ile. Niliamini kwamba watu wakisikilizana vizuri, hawawezi kukosa njia.

Jioni hiyo ya Agosti bodi ilikuwa inaamua juu ya mpango wa mkurugenzi: shule zifunguliwe Septemba, siku zote tano, na asiyetaka kumleta mtoto amsomeshe nyumbani kwa kompyuta. Barua zilikuwa tisini na nne.

"Mwanangu ana miaka saba," nilisoma, "na sasa anaongea na mbwa kuliko na watu. Fungueni."

"Wanaotaka kufungua waje wakae na baba yangu kwenye mashine ya kupumulia. Kahawa nitawachemshia."

"Bwana Mwenyekiti, wewe una mke nyumbani wa kufundisha. Mimi niko kiwandani kuanzia alfajiri. Nimfungie mtoto kabatini?"

Pembeni ya skrini wazazi walirushiana maneno kwa maandishi nikiwa bado nasoma. "Doug, wewe wa kutufundisha takwimu? Hesabu za darasa la nne si ulikuwa unanakili kwangu?" Na Doug akajibu, "Ndiyo maana nilifeli!" Nilicheka, nikapoteza mstari.

Baada ya barua ya sitini tulipumzika. Bi Marlys Hoekstra, katibu wa bodi, ndiye aliyenifundisha kazi. Alipekua rundo langu akatoa bahasha ya Lempi.

"Hii haina muhuri wa kupokelewa."

"Ilichelewa kidogo tu. Amekuja mwenyewe, mgonjwa. Anaomba basi la shule limpelekee mjukuu wake kazi za karatasi, kwa sababu intaneti haifiki kwao."

"Tessa, mwanangu. Nimekataa barua tano leo kwa sababu hiyohiyo. Nikiruhusu yako, kesho mawakili wako mlangoni."

Hakuwa mtu mbaya. Nikaiweka bahasha chini ya kiwiko changu, nikasoma zilizobaki.

Kabla ya kura, Daktari Niemi aliomba neno. Ndiye daktari wa meno wa mji mzima, na wote tulijua kwamba kura yake ndiyo ingeamua.

"Nimesikiliza barua zote," alisema, akavua miwani. "Nilitamani kusikia njia ya tatu. Kama kuna watoto ambao darasani hawawezi na kompyuta hawana, ningesema tusimame kwanza, tuwatafutie kitu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika hivyo. Kwa hiyo nadhani hawapo."

Bahasha ilikuwa inanigusa mkono. Ilitosha kuuinua tu. Niliangalia saa ya kuku, nikamwangalia Bi Marlys, nikanyamaza.

Mpango ulipita kwa kura nne dhidi ya tatu.

Nilikaa wiki tatu bila kwenda Barabara ya Ziwa. Nilijiambia kazi ni nyingi. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa nilipokwenda Jumamosi moja, nimebeba mkate wa iliki aliooka mama yangu kama mtu anayekwenda msibani. Kwenye nguzo ya barabarani, mahali basi linaposimama, palikuwa na sanduku jipya la mbao, limepakwa rangi ya buluu, limeandikwa WREN kwa mwandiko wa mtoto. Nilifunua kifuniko. Lilikuwa tupu, isipokuwa buibui.

Lempi alikuwa kibarazani. Hakuniruhusu kusogea zaidi ya ngazi.

"Mjukuu hayupo," alisema. "Nimempeleka Duluth kwa shangazi yake. Kule mtandao upo."

"Mpaka lini?"

"Ana miaka tisa. Tuone atakuwa na mingapi akirudi."

Nikaanza kumweleza kuhusu muhuri na mawakili. Akainua mkono.

"Najua hukuisoma, binti. Nilikuwepo. Tuliegesha gari nje ya maktaba, pale mtandao unashika, tukasikiliza kwenye kompyuta ya Wren. Barua zote tisini na nne. Kila ukifungua mpya, Wren anasema, 'Bibi, sasa ni yetu.'" Akavuta pumzi. "Una sauti nzuri."

Afadhali angenitukana.

"Bado nitaisoma," nikasema.

"Itasaidia nini sasa?"

Nikaacha mkate kwenye ngazi.

Jumatatu nilimwambia Bi Marlys. Alifunga mlango.

"Mkataba wako wa kudumu uko mezani kwa mkurugenzi. Una mshahara, una bima, mwaka huu wa korona! Hajausaini bado. Ukisoma kitu nje ya ajenda, mimi siwezi kukutetea."

"Najua."

"Na kura imeshapigwa. Huyo mama hatapata kitu."

"Najua, Bi Marlys."

Ajenda ya mkutano wa Septemba ilikuwa matairi ya mabasi na kuvuja kwa paa la ukumbi wa michezo. Barua zilikuwa tatu. Nilizisoma, kisha nikaitoa ya nne. Sijui kama kulikuwa na gari nje ya maktaba. Nilikuwa nimemwandikia Lempi kadi kumtajia siku na saa, lakini hakunijibu.

"Binti," alisema mwenyekiti, "hiyo haimo kwenye ajenda."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. Bi Marlys aliinamisha kichwa, lakini mkono wake ukasogeza saa ya kuku upande wangu, akaizungusha hadi dakika tatu. Daktari Niemi alikuwa ameshavua miwani.

"Mimi ni Lempi Kangas wa Barabara ya Ziwa," nilisoma. "Mapafu yangu ni mabovu, na namlea mjukuu wangu Wren. Akija darasani anaweza kuniletea ugonjwa, na yeye anajua, hapati usingizi. Akibaki nyumbani, intaneti haifiki kwetu. Lakini basi la shule linapita mlangoni. Naomba dereva atuachie kazi za karatasi Jumatatu, azichukue Ijumaa. Wren anapenda hesabu. Sitaki msumbuke. Sanduku nitaligongomea mwenyewe."

Sikuipamba. Kuku alikuwa bado ana dakika mbili.