Wageni Walioitwa kwa Simu

Bi Mwanabaraka binti Rehani alikuwa amekalia mbuzi uani kwake, anakuna nazi ya mchuzi, aliposikia hodi mlango wa mbele. Akajibu "Karibu" bila kuinua kichwa, kama alivyozoea toka utotoni. Aliyeingia alikuwa Moto.

Ulikuwa moto wa makamo, kimo chake kama cha mlango, na kabla ya kuvuka kizingiti ulikuwa umefuta miguu vizuri. Haukuwa na moshi. Ulitoa salamu, ukasimama kando ya mtungi wa maji kama mtu asiyetaka kumghasi mwenye nyumba.

"Khabari za utokako?" akauliza Bi Mwanabaraka.

"Nzuri, bibi. Nimeitwa."

"Na nani?"

"Na sauti yako. Imeniita mara nyingi mno, mpaka nikaona haya kutokuja."

"Sauti yangu ndiyo hii. Hii ndiyo iliyokuita?"

Moto ukasikiliza kidogo. "Siyo. Ile ilikuwa ikisema 'habari'. Wewe unasema 'khabari'."

"Basi umedanganywa. Na moshi wako uko wapi?"

"Aliyepiga simu alisema moto mkubwa. Moshi hakuutaja."

Bi Mwanabaraka akakikung'uta kifuu, akachukua nazi nyingine. Neno karibu lilikwisha kutoka, na nyumba ya marehemu Mzee Rehani haijapata kumrudisha mtu aliyekwisha karibishwa. Hata mkusanya kodi wa enzi zile alikunywa kahawa pale. Akauonyesha Moto njia ya jikoni.

Zimamoto walikuwa wamekwisha kuja mara kadhaa kabla ya siku hiyo. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo havipitishi gari lile, kwa hiyo hubaki barabarani likiunguruma, vijana wakakimbia na mpira wa maji begani mpaka mlangoni kwa Bi Mwanabaraka, wakamkuta anachambua mchele, au anashona, au yuko juu ya msala anasali. Mkuu wao, Ishaka, alikuwa mtu wa adabu. Humwamkia kwanza ndipo aulize moto uko wapi. Mara ya mwisho alikaa barazani akavua kofia ya chuma.

"Bibi, sauti inayopiga ni ya mwanamke mtu mzima. Inataja jina lako na la baba yako. Ikipiga tena, itabidi niandike kwamba wewe ni mzushi."

"Andika," akasema Bi Mwanabaraka. "Ila jina la baba yangu ulipatie. Wengi hulikosea."

Sauti ile mji mzima uliijua ni ya nani. Abdullatif, mwenye duka la mabati na saruji, alisoma chuo kimoja cha Kurani na Bi Mwanabaraka walipokuwa wadogo, na tangu wakati huo alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Harusini huombwa aige sauti ya mkuu wa wilaya, ya mwadhini mwenye mafua, ya mama mkwe anayedai posa. Sauti ya Bi Mwanabaraka ndiyo aliyoipata kuliko zote, isipokuwa kh. Herufi hiyo koo lake liliikataa toka chuoni. Maalimu alimchapa kwa ajili yake, na Bi Mwanabaraka, wakati huo binti mdogo mwenye kiburi, alimcheka.

Sasa Abdullatif hakuwa na ugomvi naye hata kidogo. Tatizo lilikuwa Alkhamisi moja asubuhi, njia ya Mlingotini, ambapo gari la Abdullatif lilimgonga Sada, muuza vitumbua, likaendelea na safari. Sada alikatwa mguu. Bi Mwanabaraka alikuwa amesimama pale pale, sahani ya vitumbua mkononi, akamwona aliyeshika usukani: Twalha, mtoto wa Abdullatif. Akaenda kusema polisi. Abdullatif naye akasema siku hiyo gari lilikuwa limeibwa na majambazi asiowajua. Shahidi alikuwa mmoja tu, na shahidi anayeita zimamoto pasipo moto, nani atamsikiliza mahakamani? Hilo ndilo alilolitaka Abdullatif, basi. Sikukuu ya Idi alimpelekea Bi Mwanabaraka paja la mbuzi kama kila mwaka.

Moto ulikaa jikoni vizuri. Haukula mkaa wala kuni, ulijipunguza ukiambiwa wali umeiva, na ulikuwa hodari wa kahawa. Ishaka na vijana wake walipokimbia tena kichochoroni, mpira begani, walipokelewa na harufu ya iliki.

"Shikamoo, bibi. Tumeambiwa kuna moto."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmeambiwa kweli. Uko jikoni, lakini msiupigie kelele, utaniunguzia wali."

Ishaka akaingia, akautazama. Kanuni za kazi yake zinasema moto uzimwe. Lakini mgeni wa watu kummwagia maji ndani ya nyumba ya watu ni jambo ambalo mama yake asingemsamehe. Akauuliza kama una nia ya kuunguza chochote. Moto ukajibu una nia ya kumaliza kuivisha. Akaandika kwamba moto umeonekana na hauna madhara, wakala wote, wakashukuru.

Jioni hiyo hiyo banda la akina mama wa dagaa kule Mlingotini liliteketea lote, maana gari lilikuwa limesimama kwa Bi Mwanabaraka. Moto ulipopata habari ulififia, ukajikunyata pembeni ya jiko. "Yule ni ndugu yangu," ulisema baadaye. "Yeye hakuitwa na mtu. Wa namna hiyo hatubishi hodi."

Abdullatif alipoona zimamoto hawamwandiki tena Bi Mwanabaraka kwamba ni mzushi, akahamia polisi. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikapiga simu ikilia kwamba majambazi watatu wenye mapanga wako nyumbani kwa Bi Mwanabaraka. Polisi walichelewa. Majambazi ndio waliotangulia. Walibisha hodi, wakakaribishwa kwa mazoea yale yale, wakaambiwa waache mapanga barazani. Walikuwa watatu kweli, ila hawakuwa na nyuso, kwa sababu aliyepiga simu hakueleza sura zao. Chini ya kofia mlikuwa na ngozi tupu, laini kama yai.

"Mtakulaje?" akauliza Bi Mwanabaraka, na hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Wakamwambia asijali, wao harufu inawatosha. Akawawekea sahani mbele, wakanusa kwa heshima.

Wakati wananusa akawauliza, "Ninyi ndio mlioiba gari la Abdullatif ile Alkhamisi?"

"Hapana, bibi," akasema mmoja, sauti ikitokea mahali fulani chini ya kofia. "Sisi tumepewa mapanga tu. Gari hatukupewa."

"Mnajua kuendesha?"

"Hata baiskeli."

Polisi walipofika waliwakuta wanapasua nazi. Wakawataka majina, hawakuwa nayo. Wakajaribu kuwapiga picha, ikatoka picha ya kofia. Wakawaacha.

Sada alikuja na magongo yake kesho yake, akakaa kwenye kibao cha mlangoni. Alikuwa binti wa maneno machache, na tangu apoteze mguu yalipungua zaidi.

"Bibi, achana nao. Watakuua kwa simu. Na mguu wangu haurudi."

"Mguu najua haurudi, mwanangu."

"Sasa unahangaikia nini?"

"Nilichokiona nimekiona. Mimi sijapata kusema kitu nikakirudisha. Nianze leo, uzeeni, kwa ajili ya Abdullatif asiyejua hata kutamka Alkhamisi?"

Sada akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Moto ukamletea kahawa.

Siku moja kabla ya shauri, baada ya sala ya adhuhuri, vipaza sauti vya msikitini vikatangaza kwamba Bi Mwanabaraka binti Rehani amefariki dunia na atazikwa alasiri. Ndugu wa kike wa marehemu, asiyetajwa jina, alikuwa amepiga simu kwa mwadhini, analia. Mwadhini akatangaza kwa nia njema. Bi Mwanabaraka alikuwa chumbani anapiga pasi buibui la kwendea mahakamani. Akasikia jina lake lote, akasikia limetajwa vizuri, akaridhika na hilo kwanza.

Ndipo hodi ikabishwa, kwa sauti yake mwenyewe.

Mdomo wake ulikwisha kufunguka. "Ka—" ilitoka. Nusu nyingine akaiwahi na ulimi, akaibana shavuni. Harufu ya kafuri ilikuwa imepita chini ya mlango. Nje alisimama maiti yake, amekwisha oshwa, amekwisha valishwa sanda, anangoja kuambiwa aingie. Na akiingia yule, wa ndani ndiye wa kutoka.

Hodi ya pili.

Bi Mwanabaraka alisimama na pasi mkononi. Desturi anaijua: mgeni hubisha mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Kukaa kimya tu kungetosha, na kesho angefika mahakamani mzima. Lakini nyumba ile haijapata kunyamazia hodi, na yeye asingekuwa wa kwanza, awe anayebisha ni mtu, ni moto, ni kifo. Shavu lilimuuma kwa ile nusu ya neno.

Hodi ya tatu.

Akaweka pasi chini. Akajitanda kanga, akaenda mlangoni, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, akautia komeo kwa nje.

"Ribu barazani," akasema. "Ndani hakuna mtu. Mwenyewe nimetoka."

Maiti akafikiri, akaona ni sawa, akaketi barazani. Alifanana naye kwa kila kitu, hata kovu la kidole. Alipomwuliza hali, alijibu, "Heri tu, alhamdulillahi," na kheri ile ilikosa kh.

"Ala," akasema Bi Mwanabaraka. "Kumbe wewe umetoka mdomoni kwa Abdullatif."

Jeneza likafika na waliolibeba. Somoe, jirani, alikuwa ameanza kulia toka kona ya pili. Shekhe akamtazama aliyesimama, akamtazama aliyeketi, akasema maiti anayezungumza hazikwi mpaka anyamaze, na mtu aliye hai hazikwi kabisa. Kwa hiyo jeneza likarudi. Lakini Bi Mwanabaraka aliwaomba wanawake wamalizie kilio chao, maana walikwisha kukianza vizuri na yeye alitaka kukisikia. Wakalia mpaka mwisho. Somoe ndiye aliyelia kuliko wote, na tangu siku hiyo bakuli lake halirudi kwao tupu.

Mahakamani, wakili wa Twalha, kijana nadhifu kutoka Dar, alisimama akatoa pingamizi mbili. Kwanza, shahidi ni mzushi, ameita zimamoto mara kadhaa pasipo moto. Pili, shahidi ni marehemu, imetangazwa msikitini mchana kweupe.

"Yupo?" akauliza hakimu.

Wakasimama wawili. Nyuma yao, benchi la mwisho, waliketi majambazi watatu, kofia mapajani, na Moto, uliojipunguza ukawa kama wa kibatari ili usiwasumbue watu.

Bi Mwanabaraka akaapa, akasema alichokiona, kwa maneno yale yale aliyoyasema polisi, hakuongeza wala hakupunguza. Kisha hakimu, kwa kuwa wa pili naye aliona kwa macho hayo hayo, akamruhusu maiti aseme.

"Ilikuwa siku ya Alhamisi," akaanza maiti. "Aliyekuwa akiendesha ni Twalha. Nilimwona kwa macho yangu."

Chumba chote kikageuka kumtazama Abdullatif. Wote walikuwa wameisikia sauti ile harusini. Ilikuwa yake, na mwanamke aliyevaa sanda ndiye aliyekuwa akiitumia kumtaja mwanawe. Abdullatif akairekebisha kofia yake. Mtu mmoja akakohoa. Hakimu akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema sheria haielezi kama marehemu anaapishwa kwa kiapo cha kawaida, na kwamba ataomba mwongozo. Kesi ikaahirishwa.

Imeahirishwa tena na tena. Twalha bado anaendesha gari lile lile. Sada amerudi kwenye vitumbua vyake, anakaanga ameketi. Simu haijakoma, juzi iliripotiwa kwamba nyumba imeingiliwa na maji, na Bi Mwanabaraka, alipopata habari, aliikunja mikeka mapema akaandaa kiti kisichooza.

Kila alasiri huketi barazani na maiti yake wakichambua mchele. Abdullatif akipita kwenda msikitini huwapungia mkono wote wawili. Twalha akipita kule barabarani, maiti husimama akasema kwa sauti ya baba mtu, mtaa mzima ukisikia, "Huyo ndiye aliyemgonga Sada, siku ya Alhamisi." Mtaa hujibu, "Tunajua." Twalha hupiga honi, akapita.

"Keti," Bi Mwanabaraka humwambia maiti. "Umesema kweli lakini umesema vibaya. Kesi ikiitwa hutaniaibisha mbele ya watu, maana unatumia jina la baba yangu. Alkhamisi."

"Alhamisi."

"Itoe kooni. Kh."

Maiti hukaza shingo, hujaribu tena.