Theluji ya Kutandaza Darajani

Zilpha Stannard alikisoma kibao kipya mara mbili pale kwa seremala, akasonya. "Daraja hili la mbao liliezekwa mwaka 1841 ili theluji isiingie ndani." Miaka sabini na tisa anaishi Vermont, na bado watu wazima na akili zao wanaandika upuuzi huu!

Paa liliwekwa ili mbao zisioze, basi. Theluji ilitakiwa mle ndani. Sleji, lile gari la farasi linaloteleza kwa vyuma badala ya magurudumu, haitelezi kwenye mbao kavu, kwa hiyo kila majira ya baridi baba yake, Alpheus, aliibeba theluji kwa beleshi akaitandaza sakafuni. Miaka thelathini na mmoja, mpaka moyo wake ukasimama humo humo darajani. Zilpha alitaka jambo moja tu kabla hajafa: jina la baba yake liwe kwenye kibao hicho.

"Jamani, Bi Zilpha," alisema Orville Tuttle, mwenyekiti wa kijiji, kwenye mkutano wa Machi. "Nani mwenye akili timamu atapeleka theluji chini ya paa?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Cheka tu, Orville. Meno yenyewe ya kuchekea umebakiwa nayo mangapi?"

Jumamosi ya uzinduzi, Orville alitaka mambo ya kizamani: kofia ndefu, farasi wawili, kibao juu ya sleji. Wakaja mbio kwa njuga na mbwembwe. Hatua kumi ndani ya daraja, sleji ikagoma. Chuma kikakwaruza mbao, farasi wakavuta hadi wakafuka jasho, wapi! Orville akashuka, akasukuma, kofia ikaanguka.

Zilpha alikuwa amesimama mlangoni pa daraja na beleshi tangu asubuhi. Hakucheka. Alikuwa amechoka kuujua ukweli peke yake.

"Shika. Theluji ile pale nje."

Orville akachota, akamwaga, akarudi, akachota tena. Baada ya nusu saa akaliegemea beleshi katikati ya daraja, anahema.

"Mzee alifanya hivi daraja zima? Peke yake?"

"Peke yake. Na hapo uliposimama ndipo tulipomkuta."

Orville akasogea pembeni. Akakishusha kibao kutoka kwenye sleji, akatoa penseli mfukoni.

"Nitajie jina lake lote, Bi Zilpha."

Akamtajia herufi moja moja, maana huyu naye angeweza kukosea hata hilo.